Laini ya Akiba

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama pia, na lile tanki la maji juu ya paa ambalo naambiwa bado linavuja. Mimi sijambo. Mafua yameondoka, chumba nimekizoea, na mwenye nyumba ameacha kunigongea ukuta ninapopiga pasi. Mama ameniambia kwamba juzi ulikataa tena kuongea nami, ukamrudishia simu, eti masikio yako uliyaacha kwenye chumba cha jenereta. Basi nimenunua bahasha kumi.

Uliagiza nikueleze ninafanya nini hasa, kwa sababu ulimwambia jirani kwamba mpwa wako anafuga nzi, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Ni kweli nafuga nzi, mwambie. Ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tunao maelfu ndani ya chupa, kila chupa imezibwa kwa pamba na chini ina uji mgumu. Uji huo hupikwa na mama mmoja tunayemwita Mpishi, kwa unga wa mahindi, molasi na hamira, kwenye sufuria ninayoweza kuoga ndani yake. Huuonja kila asubuhi. Anasema nzi nao wana haki ya chakula chenye ladha.

Kazi yangu ni mayai. Majike hutaga juu ya kisahani cha juisi iliyogandishwa, nami nayaokota kwa brashi. Yai moja ni kama punje ya chumvi iliyorefuka kidogo. Ndani yake mna kiinitete, na katika saa tatu za kwanza huoni kichwa wala mkia, ila seli zake zimekwisha kuanza kugawana kazi. Huko mbele patakuwa kichwa, hapa patakuwa tumbo. Zimejuaje? Kila seli ina jeni zote, zile zile, za kichwa, za tumbo na za mabawa. Tofauti ni ipi imewashwa na ipi imezimwa. Karibu na jeni kuna vipande vya vinasaba vinavyofanya kazi ya swichi. Swichi inapima seli iko sehemu gani ya yai, kisha inawasha au inazima. Nadhani wewe utaelewa haraka kuliko jirani.

Swichi yangu inawasha jeni moja, katikati tu. Nikipaka rangi inayoonyesha jeni imewaka wapi, ukanda unatokea kiunoni mwa kiinitete, kama mkanda wa suruali. Jeni hiyo ikizimika, buu haliumbiki sawasawa na linakufa kabla ya kuanguliwa. Nimetumia miaka miwili kuikata swichi hiyo huku nikiiacha jeni yenyewe salama. Tulitarajia ukanda upotee. Mjomba, haukupotea. Uko pale pale, na mabuu yanaanguliwa, yanakula, yanakuwa nzi wanaozaana kana kwamba sijawahi kuwagusa.

Mwalimu wangu ni mama wa maneno machache. Aliinamia hadubini, akasema, "Umechanganya chupa," akaenda kunywa chai. Tarehe kumi na nne Mei nakaa mbele ya kamati. Nisipokuwa na cha kuwaonyesha, nafasi yangu anapewa mwingine, nami narudi nyumbani bila shahada. Jirani safari hiyo atacheka amelala kabisa. Natania, lakini kalenda nimeigeuzia ukutani.

Kana kwamba hayo hayatoshi, wiki iliyopita nilisahau vikombe viwili vya mayai juu ya friji ya zamani, kule nyuma panapotoka joto. Kikombe cha nzi niliowakata swichi kiliharibika karibu chote. Nilikitupa kabla mwalimu hajafika. Usimwambie mtu.

Nisalimie mama. Mwambie koti nalivaa.

Mpwa wako.


2 Februari

Mpwa wangu, Mama Nzi,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimevaa miwani. Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi na halimsumbui akienda kwa shoga zake, sijui ni ugonjwa wa aina gani. Jirani nimemweleza habari za mkanda wa suruali. Safari hii hakucheka, aliuliza kama nzi dume ana mkanda tofauti na jike. Nikamwambia nitaulizia.

Jumapili tulikuwa na wageni, na mama yako kama kawaida yake akaanza kuwasimulia ulivyozaliwa, jinsi ulivyowahi miezi miwili, ukawa unaenea kwenye sanduku la viatu, wakakutia ndani ya mashine ya kioo. Hadithi hiyo nimeisikia nadhani mara mia. Alipofika kwenye ile siku ya joto nikainuka, nikapanda kuangalia tanki.

Sasa hayo ya kazi. Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi umeme wa hospitali, sijui lolote la jeni, ila nimekata waya nyingi ambazo baada ya kukatwa hakuna kilichozimika. Mtu wa kawaida anasema, basi waya huu haukuwa na kazi. Fundi hasemi hivyo. Fundi anauliza, taa hii inapata umeme kutoka wapi kwingine? Wodi muhimu hazilishwi na laini moja. Zina laini kuu na laini ya akiba. Ukikata moja, taa inawaka vile vile na wewe unakaa ukidhani mambo yako sawa.

Tena nisikilize vizuri. Laini iliyobaki peke yake inaweza kubeba siku za kawaida mwaka mzima. Siku mzigo unapopanda, mashine zote zimewashwa, joto limezidi, ndipo inaposhindwa. Usiipime siku ya amani.

Kwa hiyo nakuuliza swali la fundi. Vile vikombe vyako viwili juu ya friji. Umesema cha waliokatwa swichi kiliharibika. Hicho cha pili je? Hujasema. Kilikuwa cha nani, na kilipatwa na nini? Nimeichora hapo pembeni jinsi ninavyofikiri, mistari miwili ikilisha taa moja. Ule uchafu ni chai.

Usitupe kitu kabla hujajua kwa nini kimeharibika.

Mjomba wako.


25 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimebandika mchoro wako juu ya meza yangu na wenzangu wanadhani ni kazi ya mtoto wa shule. Huku kwema. Mpishi ameunguza uji wiki hii, nzi wakagoma kutaga siku mbili, na yeye amenuna kama aliyetukanwa. Mwambie jirani kwamba dume na jike wana mkanda mmoja, asiwe na wasiwasi.

Nianze na habari njema. Nimesoma vinasaba vya chupa zote, moja moja, kutoka pande zote mbili za mahali nilipokata. Swichi imekatwa kweli. Sikuchanganya chupa. Nilikaa kwenye kiti cha maabara nikahema kama niliyepanda ghorofa kumi kwa miguu.

Habari mbaya ni kwamba mwalimu alizitazama karatasi, akasema, "Vizuri. Basi swichi yako si swichi." Yaani sasa si mzembe, ila miaka miwili nimekata kitu kisicho na kazi. Sijui kipi afadhali.

Kisha nikaisoma tena barua yako, nikafika kwenye swali la kikombe cha pili, nikasimama. Kikombe cha pili kilikuwa cha nzi wa kawaida, wasioguswa. Vilikaa pamoja juu ya friji, muda ule ule, joto lile lile. Hao wa kawaida walianguliwa. Nakumbuka kwa sababu niliyahamisha mabuu yao mwenyewe, nikiwa na hasira kwamba waliosalimika ni wale nisiowahitaji. Mjomba, nilikuwa na jibu mkononi nikalitia kwenye pipa la taka kwa kuona haya.

Nataka kurudia kwa makusudi, kwa kipima joto. Lakini kabati la joto halimilikiwi na mtu mmoja, lazima mwalimu akubali, na ili akubali inabidi nimwambie kwamba niliharibu kikombe, nikakitupa, nikanyamaza. Katika daftari nimeandika "hakuna mayai siku hii". Hapo ndipo nilipokwama. Nikimwambia, anaweza kuuliza ni mangapi mengine nimeyaandika hivyo.

Na wewe umejuaje kuuliza? Watu sita wenye shahada wameitazama kazi yangu na hakuna aliyeuliza habari za joto. Umeandika "usiipime siku ya amani" kama mtu anayekumbuka jambo. Nieleze.

Mpwa wako.


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la mama yako limepata dawa ya kupaka inayonuka nyumba nzima. Nimebadilisha taa ya barazani. Mvua ilinyesha siku tatu.

Mwambie mwalimu wako. Mwambie leo, na ulisahihishe hilo daftari mbele yake kwa mkono wako. Andika tarehe uliyosahihisha. Usifute la zamani, pitisha mstari mmoja ili lisomeke. Daftari likishasema uongo mara moja, kila ukurasa unaofuata unaubeba, na mwenye kuubeba zaidi ni wewe. Ukiuacha mwaka huu, mwaka kesho utakuwa mzito zaidi, naomba uniamini katika hilo.

Sina mengine kwa leo. Tanki linanisumbua.

Mjomba wako.


18 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kutazama nyuma. Nimempigia mama, anasema u mzima, unakula, ila umekuwa kimya na unapanda juu ya paa hata kusipokuwa na sababu. Kama unaumwa nataka kujua.

Nilimwambia mwalimu. Nilikwenda asubuhi kabla sijapata muda wa kuogopa, nikafungua daftari mezani kwake, nikapitisha mstari kama ulivyosema, nikaandika yaliyotokea na tarehe. Aliusoma ukurasa mzima. Nikaanza kuzihesabu kalamu zake. Mwishowe akasema, "Ulitupa tokeo pekee ulilokuwa nalo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Rudia mara tatu. Na juu ya friji hakuna kipima joto, tumia kabati." Akanipa ufunguo. Nilipofika mlangoni akaniita, akaniambia naye alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuangusha trei nzima ya chupa akasingizia paka. Maabara ile haikuwa na paka. Sikujua kama naruhusiwa kucheka, basi nikacheka nje.

Haya sasa, keti. Kwenye joto la kawaida, katika kila mayai mia ya nzi wa kawaida yanaanguliwa tisini na nne. Ya waliokatwa swichi, tisini na moja. Hakuna anayeweza kuwatofautisha. Nikapandisha mpaka nyuzi thelathini na moja. Wa kawaida, themanini na nane. Waliokatwa, ishirini na saba. Nikarudia, ishirini na tisa. Nikarudia, ishirini na nne. Nilipopaka rangi, ukanda wa wale wa kawaida ulikuwa imara, na wa waliokatwa ulikuwa hafifu, una mapengo, mahali pengine haupo kabisa.

Kwa hiyo swichi yangu ni swichi. Na iko nyingine. Kwenye kabati la chupa za zamani kuna nzi ambao mwanafunzi aliyetutangulia aliwawekea kipande kingine cha vinasaba, kinachotoka mbali na jeni yangu. Kwenye lebo ameandika tu "kinawaka kiunoni", akahitimu, akaenda zake. Nimewatazama. Kinawaka pale pale inapowaka yangu. Laini ya akiba, Mjomba. Zote mbili zinalisha taa moja, na siku za kawaida moja inatosha.

Mwalimu aliuliza nani alinipa wazo la joto. Nikasema mjomba wangu, fundi umeme. Akaomba kuuona mchoro wako. Aliutazama kwa makini, hata lile doa la chai.

Bado wiki nne kasoro nikutane na kamati. Naogopa, lakini sasa naogopa nikiwa na kitu mkononi.

Swali langu la Februari hujalijibu, na sijasahau. Kule hospitali walikuita Fundi Zima, kwa sababu kila tarehe mosi ulikuwa unazima laini kuu kwa mkono wako mwenyewe mchana kweupe, na manesi wanakupigia kelele. Mama hucheka akisimulia. Mimi nimeanza kujiuliza ulianza lini, na kwa nini.

Mpwa wako anayekupenda.


10 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Mimi pia mzima, siumwi. Takwimu zako nimezisoma nikafurahi hadi nikamwita jirani, naye akazinakili kwenye kiganja ili akawaoneshe watu kazini kwake. Barua hii huenda ikakufikia baada ya kamati, na ndivyo ninavyotaka. Nisingependa uingie huko ukiwa na mzigo wangu.

Nimeanza kuiandika mara tano. Uliuliza nilijuaje, nami nikakuandikia habari za mvua. Ulimweleza mwalimu wako ukweli kwa sababu mimi nilikuambia, huku mimi mwenyewe nina daftari ambalo sijalisahihisha mwaka wa ishirini na saba huu.

Wodi ya watoto njiti ilikuwa na laini kuu na laini ya akiba. Kila tarehe mosi nilitakiwa nizime laini kuu, nione kama ya akiba inapokea, kisha nitie sahihi kwenye daftari lililoning'inia nyuma ya mlango. Nilikuwa kijana, kazi nyingi, na nikizima manesi wananifokea. Nikawa nafika, naona taa zinawaka, natia sahihi. Miezi mitano nilifanya hivyo. Laini ya akiba ilikuwa imekufa, panya walikuwa wamekula waya kwenye kiungo. Hakuna aliyejua kwa sababu laini kuu ilikuwa inafanya kazi yote.

Ikaja ile siku ya joto. Saa nane mchana, feni zote zimewashwa, chumba cha upasuaji kina kazi, laini kuu ikaungua. Jenereta ikanguruma vizuri, ila umeme wake ulipaswa kupita kwenye laini ile ile ya akiba. Wodini kukawa kimya. Ndani ya mashine moja kulikuwa na mtoto wa siku kumi na moja. Mtoto huyo ni wewe.

Nilikimbia mpaka mlangoni nikaona mashine iko tupu. Sitaki kueleza nilichofikiri. Nesi akapaza sauti kutoka nyuma ya pazia, "Mtoto yuko salama, wewe lete umeme." Sikuuliza yuko wapi. Nilirudi kwenye waya, ikanichukua dakika arobaini kukipata kile kiungo. Nilipomaliza niliandika kwenye daftari kwamba panya walikata waya siku hiyo hiyo. Sahihi zangu tano nikaziacha kama zilivyo. Hakuna aliyeuliza.

Tangu hapo nikawa Fundi Zima. Lakini mama yako sijamwambia. Kila anapoisimulia siku ile, akifika mahali umeme unapokatika, siwezi kukaa. Nimekulea nikikutazama unavyokua, na kila ulipofaulu mtihani nilishukuru kwa sababu mbili, moja niliyoisema na nyingine niliyoinyamazia.

Sasa nimekwisha kusema. Ukikasirika ni haki yako.

Mjomba wako.


27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimepita. Kamati ilikaa saa mbili, ikauliza mengi, na mmoja akauliza habari za joto kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kulifikiria. Naendelea. Mwalimu alinipa mkono, na Mpishi amenipikia maandazi kwa hamira ya nzi, nikala matano. Barua yako niliikuta mlangoni siku tano baadaye.

Nimekaa nayo siku nane. Mwanzoni nilikasirika, sitakuficha. Sitakuambia hukukosea, kwa sababu ulikosea, na kama ningekufa mama asingekuwa na mtu wa kumsimulia wageni. Nilitembea jioni mbili nikigombana nawe barabarani. Siku ya tatu nilikwenda kazini, nikafungua daftari langu, nikakutana na ule mstari niliopitisha juu ya "hakuna mayai siku hii". Nilikaa nikiutazama. Miye nilinyamaza kwa sababu ya kikombe cha mayai ya nzi. Siwezi kujidai kwamba ningekuwa wewe, kwa umri wako ule na hofu ile, ningesema.

Kisha nikapata wazo jingine, nikainuka kitini. Mjomba, hivi hujawahi kusikia mwisho wa hadithi ile?

Mimi naijua kwa moyo. Nilidhani kila mtu nyumbani anaijua. Siku kumi na moja mama alikuwa hajanishika. Alikuwa anaingiza kidole kimoja kwenye tundu la mashine na mimi nakikamata, basi. Walimwambia asinitoe, nitapoa. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba nitakufa hajawahi kunibeba. Umeme ulipokatika, nesi alinitoa, akamfungua mama vifungo vya gauni, akanilaza kifuani ngozi kwa ngozi, akatufunika kwa shuka. Nyuma ya pazia, Mjomba. Ulipopigiwa kelele ulete umeme, tulikuwa hatua nne kutoka uliposimama. Mama anasema nilikuwa nimepauka nikapata rangi, na nikalala. Umeme uliporudi alikataa kunirudisha. Nesi akaona nilivyotulia, akamwachia, na kuanzia siku hiyo akaruhusiwa kunishika kila mchana. Siku ile ya joto unajua huwa anaiitaje? Anaiita siku aliyonipata.

Hilo halifuti sahihi zako tano. Lakini miaka ishirini na saba umeiishi nusu ya kwanza ya siku hiyo peke yake, na sisi wawili tumeiishi nusu ya pili, nyumba moja. Mwambie mama. Pitisha mstari mmoja, andika tarehe. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Mimi sina kinyongo. Nimejichunguza kila upande kama nilivyovisoma vile vinasaba, na sina. Umenitengenezea taa ya kusomea miaka kumi na minane, na haikuwahi kuzimika hata siku ya mtihani.

Mpwa wako.


15 Juni

Mpwa wangu, Mama Nzi, msomi,

Marahaba, na hongera. Jirani anakupongeza, ameanza kuacha ndizi zioze dirishani kwake akidai anafanya utafiti. Goti la mama yako limepona tangu habari za kamati zifike.

Nilimwambia Jumamosi. Alikuwa anakunja nguo. Nilisimama kwa sababu sikuona vizuri kukaa, nikamwambia yote, sahihi zote tano. Alimaliza kukunja shuka aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha. Kisha akaniambia, "Miaka yote hii nilidhani umechoshwa na hadithi zangu." Nikalia, mpwa wangu, mtu mzima na mvi zangu. Naye akalia kidogo, akanigombeza kidogo, tena kwa sauti ambayo hata masikio yangu yaliipata. Alisema ningemwambia zamani angenipiga na tungekuwa tumeshasahau.

Halafu akavuta kiti, akaniambia nikae. Akaanza mwanzo kabisa, sanduku la viatu, mashine ya kioo, kidole kwenye tundu. Akafika kwenye joto. Akafika umeme ulipokatika. Miguu yangu ilitaka kuinuka kwa mazoea, akaniwekea mkono begani. Nikakaa mpaka mwisho.

Ni hadithi nzuri. Nimemwomba airudie Jumapili wageni wakija.

Na lile tanki, uache kuniulizia. Halijawahi kuvuja.

Mjomba wako.